Picha ya Mjane Chini ya Hema la Kijani

Dada yangu wa kambo akifa leo nitaenda kumzika, nitaimba nyimbo zote na nitatupa udongo wangu kaburini kama wengine. Lakini kumsamehe sijamsamehe. Siku niliyopata nafasi ya kumlipa nililipa kwa mikono miwili, na nilifurahi. Sitajifanya hapa kwamba vidole vilinitetemeka. Nilimimina chai, nikavuta kiti karibu na meza, nikafungua faili.

Kazi yangu ni kuandaa picha za watu wengine. Nina chumba ghorofa ya nne katikati ya jiji, hatua chache kutoka River Road, juu ya maduka ya vipuri vya simu. Wapiga picha wa harusi na mazishi huniletea kadi zao za kamera, kwa sababu wengi wao wanajua kubonyeza tu. Zilizomo ndani ya kadi hizo wao huziita raw, mimi huziita mbichi. Faili mbichi haipendezi kuitazama. Imefifia, haina rangi ya maana, ni kama unga uliomo kwenye pakiti: ugali umo, lakini lazima mtu ausonge. Kamera yenyewe hukuonyesha picha ndogo ya kukisia tu, na ile ndogo ndiyo wateja hutumiwa kwenye simu ili wachague. Wengi hudhani hiyo ndogo ndiyo picha yote.

Baba alikuwa mtu wa Waithaka, pembeni mwa Nairobi, wa ukoo uliolima pale kabla jiji halijawafikia. Mashamba yakageuka nyumba za kupangisha, na baba akageuka mwenye nyumba. Mama yangu alitoka Vihiga, magharibi ya nchi, akawa mpangaji wake, kisha akawa mke wake wa pili. Wazee walienda kwao kumposa, wakala, wakanywa, wakarudi. Harusi ya kanisani haikuwepo, wala cheti. Tuliishi kwenye nyumba ya mabati nyuma ya boma hadi nilipofika miaka kumi.

Kisha baba akalazwa hospitali. Siku ya tatu, dada yangu, binti wa kwanza wa mama mkubwa, yule mke wa kwanza wa baba, akiwa tayari mtu mzima mwenye mume na gari, alikuja na pikapu na vijana wawili. Hakupiga kelele. Alikishika kitanda chetu upande mmoja yeye mwenyewe, akasaidia kukitoa nje. Tulishushwa Kawangware, mtaa wa watu wa kipato kidogo, mbele ya nyumba aliyokuwa ametulipia mwezi mmoja. Baba alipopona alikuwa akija kututembelea mchana, anakalia stuli, anakunywa chai, anaondoka. Hakuturudisha. Hilo nalo nimelibeba, ila yeye amekufa, na wafu ni vigumu kuwalipa.

Alizikwa Waithaka, kwenye boma lile lile. Tulienda, Mama na mimi, tukapata viti vya plastiki mstari wa mwisho. Aliyewahi kuzika Nairobi na viunga vyake anajua ule utaratibu wa picha. MC anashika kipaza sauti na kuita makundi, moja baada ya jingine, yasimame karibu na jeneza: watoto wa marehemu, wajukuu, wakwe, chama cha akina mama, wenzake wa kanisani. Unaweza kuusoma ukoo mzima kwa kusikiliza tu nani ameitwa na nani ameachwa. Watoto walipoitwa sikwenda. Nilijua ningetazamwa.

Halafu MC akasema, "Sasa mjane. Mjane wa marehemu aje mbele."

Mama mkubwa aliongozwa polepole, maana miguu yake imechoka, akasimamishwa kando ya jeneza, mahali jua lilipokuwa likiingia. Dada akasimama nyuma yake. Na hapo nikamwona Mama anainuka. Nilimshika gauni. "Mama, keti." Hakuketi. Alipita katikati ya viti vile vyote, mama wa kuuza mboga Kawangware, akaenda kusimama upande wa kushoto, ndani kabisa ya hema, karibu na nguzo. Hakusogea karibu na mama mkubwa. Aliacha nafasi. Mpiga picha akabonyeza mara moja.

Dada akazunguka jeneza, akamshika Mama kiwiko, huku anatabasamu, akamrudisha kwenye viti kama mtu anayemtoa mtoto barabarani. Watu walitazama. Wengine waliinamisha vichwa na kusoma kijitabu cha ibada. Mama aliketi, akaufungua mkoba wake, akaufunga, akaufungua tena. Mwaka mzima nilikuwa nikikiona kile kiwiko. Nikiwa kwenye foleni benki, nikiwa napiga mswaki, nakiona.

Mwaka ulipokaribia kuisha, dada alianza kupanga ibada ya kumbukumbu. Alitaka picha kubwa ya kufunuliwa siku hiyo mbele ya watu, kisha itundikwe sebuleni kwa mama mkubwa. Alimpigia simu mpiga picha wa mazishi. Mpiga picha huyo ni mteja wangu wa miaka mingi, akamwambia kazi zake zote za kuandaa na kuchapisha zinafanywa na fulani, ghorofa ya nne. Alipotaja jina langu dada akasema ni sawa. Mwenye dharau hamwogopi anayemdharau.

Alikuja mwenyewe, kutoka kwake Kitisuru, mtaa wa matajiri, na viatu vyake vya kutembelea zulia. Alipanda ngazi zote nne kwa sababu lifti yetu haifanyi kazi. Hakuketi.

"Sasa," akasema. "Kumbe ni wewe hutengenezanga hizi picha."

"Ni mimi. Karibu."

Akatoa simu, akanionyesha picha aliyoichagua kati ya zile ndogo alizotumiwa. Mama mkubwa kando ya jeneza, jua usoni, kitambaa cheupe kichwani. Nyuma yake dada mwenyewe, kichwa kimegeuka kidogo kushoto, macho yanatazama mbali, mdomo umebanwa. Alionekana kama mtu aliyelemewa na majonzi. Upande wa kushoto wa picha ulikuwa mweusi tititi.

"Hii ndio nataka," akasema. "Mum ametokea poa. Na mimi pia, naonekana niko na uchungu. Na the best part, hapa nyinyi hamko. Iko clean."

Nilimtazama. Alilisema lile neno clean, yaani safi, bila hasira, kama mtu anayesifu meza iliyofutwa vizuri.

"Ni nzuri," nikamwambia. "Nitaishughulikia vizuri sana."

"Mum umng'arishe uso kidogo. Na unitumie nione kabla ya kuprint."

Akashuka. Nilisikiliza viatu vyake hadi ghorofa ya chini. Niliijua ile picha. Nilikuwepo ilipopigwa, na kadi ya siku ile mpiga picha aliniachia tangu mazishi. Mpiga picha alikuwa ameipima kamera kwa kufuata jua lililokuwa kwenye jeneza, kwa hiyo kila kilichokuwa ndani ya hema kikawa giza. Mtu mwingine angedhani giza lile ni kitambaa cha hema. Mimi nilijua kuna mtu amesimama mle ndani.

Nilifungua faili mbichi saa nne asubuhi na sikuinuka hadi saa tisa. Nilianza kwa kuinua giza, kidogo kidogo. Kwanza ikatokea nguzo. Kisha bega. Kisha, pale juu ya bega, kitu ambacho kingeweza kuwa uso. Ukiinua giza kwa pupa hujaa chenga, vidoa vyekundu na vya kijani kama mchanga uliomwagwa, na wengi hapo huzifuta chenga kwa nguvu mpaka mtu anabaki na ngozi ya sanamu ya dukani. Mimi nilikwenda kwa subira ambayo sina katika mambo mengine. Nilisafisha chenga za rangi na kuziacha nyingine, ili ngozi ibaki ngozi.

Hema lilikuwa la kijani, na lilimfanya Mama awe kijani. Rangi ya nje haikunifaa, maana jua la nje ni jambo moja na kivuli cha hema ni jingine. Nikautenga upande wake peke yake, nikatafuta kitu ninachojua ni cheupe. Alikuwa ameshika leso. Leso ile naijua, Mama huifua mwenyewe kila Jumamosi. Nikaiambia kompyuta: hii ni nyeupe, panga mengine yote kwa hii. Kijani kikatoka usoni mwake. Mama ni mweusi, mweusi wa kwao, na nilimwacha mweusi. Ni dada aliyetaka watu wang'arishwe. Nilitaka vifungo vya gauni lake vihesabike, na vikahesabika.

Ndipo nilipoona zawadi niliyokuwa nimeletewa.

Sasa Mama alikuwa anaonekana, na dada naye alikuwa anamtazama. Macho yale hayakuwa yakitazama mbali. Yalikuwa yakitazama mita tatu kushoto, moja kwa moja usoni kwa Mama, na mdomo ule uliobanwa haukuwa wa majonzi hata kidogo. Ilikuwa chuki safi, ya mchana kweupe. Sikugusa chochote pale. Sikuongeza wala sikupunguza, ila nilinoa macho yale kidogo zaidi, kama ambavyo ningenoa macho ya bibi harusi. Poda yake, iliyokuwa imeishia kidevuni na kuiacha shingo na rangi nyingine, nayo nikaiacha ilivyo. Nilicheka peke yangu chumbani, nikacheka mpaka fundi wa simu wa chumba cha pili akagonga ukuta.

Uzuri wa faili mbichi ni kwamba unaweza kuipika mara mbili na yenyewe isibadilike. Nikatengeneza ya pili: kushoto kweusi kama alivyoipenda, mama mkubwa amepata mwangaza kidogo, kila kitu shwari. Hiyo ndiyo niliyomtumia kwenye simu. Akajibu kwa kidole gumba kimoja. Ile ya kwanza nikaipeleka kuchapishwa, upana wa mikono miwili iliyonyooshwa, kwenye karatasi isiyong'aa ili watu wa kila upande waione vizuri. Nikaifunga kwa karatasi ya kaki, nikaongeza gundi kila pembe, nikamkabidhi dereva wake. Nilimwambia isifunguliwe hadi siku yenyewe, karatasi hii huharibiwa na vumbi. Mchimba kisima huingia mwenyewe, lakini wakati mwingine ni vizuri umsaidie kwa kumsukuma.

Kwa Mama sikusema lolote. Nilimwambia tu, "Twende Waithaka Jumamosi. Kuna kitu utaona." Alikataa mara mbili. Mara ya tatu akaenda kusuka nywele.

Siku ile kulikuwa na hema tena, jeupe safari hii, na viti vilivyovishwa vitambaa. Tulikaa nyuma. Picha ilisimamishwa mbele, imefunikwa kwa shuka la zambarau. Mchungaji akaomba, kwaya ikaimba, watu wakashuhudia jinsi baba alivyokuwa mkarimu. Nilikuwa nahesabu pumzi. Kisha mama mkubwa akaongozwa mbele, akapewa ncha ya shuka, akavuta.

Kwanza watu walipiga makofi, kwa sababu ndivyo watu hufanya. Makofi yakafa kuanzia mistari ya mbele. Mzee mmoja wa ukoo, binamu ya baba, alisimama na miwani yake, akaisogelea picha mpaka pua ikakaribia kuigusa. Akamtazama Mama wa pichani. Akamtazama dada wa pichani. Akageuka na kumtazama dada aliyesimama pale, akiwa amepaka poda vile vile.

"Mbona unamwangalia huyu mama hivi?" akauliza, na kipaza sauti kilikuwa karibu.

Dada alifungua mdomo. "Hii si ile picha," akasema. "Hii si ile nilionyeshwa." Alikuwa anazungumza kwa sauti ndogo, akitafuta mtu wa kumwamini. Kisha akanitafuta mimi, akanipata. Nilimtabasamia. Nilimpa lile tabasamu lake mwenyewe, la siku ya kiwiko, nililokuwa nimelihifadhi mwaka mzima bila kulitumia.

MC alikuwa mtu wa kukodiwa, hakujua mambo ya nyumba ile. Aliona picha ina wanawake wawili waliovaa nyeusi kando ya jeneza, akajifanyia hesabu yake. "Amina, amina," akasema. "Sasa naomba wajane wetu, wote wawili, waje hapa tupige picha na picha yao."

Wajane, wote wawili. Kwa kipaza sauti, Waithaka, mbele ya ukoo mzima. Miaka ishirini na minne nilikuwa nikingoja mtu aseme hivyo. Niligeuka kumshika Mama mkono nimpeleke.

Kiti kilikuwa kitupu.

Nilimkuta nje ya lango, anatembea kuelekea barabarani, mkoba kwapani, si haraka wala si polepole. Nilimkimbilia na viatu vyangu vya visigino.

"Mama! Wamekuita! Hukusikia wamekuita?"

"Nimesikia."

"Sasa unaenda wapi? Wamekuona, Mama. Kila mtu amekuona."

"Hao waliniona tangu zamani," akasema. "Walikuwa wananiona kila asubuhi nikienda kuchota maji." Akasimama, akapumua. "Siku ile nilienda mbele kumuaga baba yako. Hiyo tu. Nilijua watanirudisha, nikaenda. Leo wewe umenipeleka mbele ili unitumie mimi kuwapiga."

Nilitaka kumwambia kuhusu leso, na vifungo, na jinsi nilivyomtoa gizani bila kumharibu hata kidogo. Badala yake nilisema dada alistahili. Akakubali kwa kichwa.

"Alistahili," akasema. "Sijasema hakustahili."

Tulitembea tena. Nyuma yetu kwaya ilikuwa imeanzishwa haraka ili kuzima minong'ono. Tulipofika barabarani akaniuliza, kama mtu anayeuliza bei ya kitunguu, "Hizo picha zote za mazishi uko nazo kwa kompyuta, ya baba yako iko?"

"Gani?"

"Yoyote. Yeye peke yake. Mimi sina hata moja. Zetu zilibaki kwa ile nyumba, kwa kopo la majani ya chai, na nyumba walibomoa."

Nilimwambia ataipata Jumatatu. Nilikuwa na hakika. Mimi, mtu wa picha, nilikuwa nimekaa mwaka mzima na kadi ile nikitafuta namna ya kuwachoma watu, na sikuwahi kujiuliza kama mama yangu ana picha ya mumewe.

Jumatatu nilifungua faili zote za siku ile. Baba hakuwa katika hata moja, bila shaka, maana alikuwa ndani ya jeneza. Kilichokuwepo ni picha yake ya fremu iliyowekwa juu ya jeneza: ameketi, koti, tai, mkono juu ya goti. Fremu ilikuwa na kioo, na jua lilikuwa likikipiga kioo pale pale usoni. Nilipitia zote. Mpiga picha alizunguka jeneza lile siku nzima, na jua nalo likazunguka naye. Nikapunguza mwanga, nikapunguza tena, nikashusha mpaka koti likawa makaa. Uso ukabaki mweupe. Kwenye giza huwa kunabaki kitu, hata kidogo, cha kuinua. Penye mwanga uliozidi kamera haikuandika chochote, na pasipoandikwa hakuna wa kusoma. Nilijaribu kuunganisha picha tatu, shavu kutoka hii, sikio kutoka ile. Nikapata sikio.

Picha ya fremu ile ilitoka kwenye albamu ya dada, kwake Kitisuru. Nilimpigia. Simu haikuita hata mara moja. Nikatumia namba nyingine, akasikia sauti yangu, akakata. Nikamwomba mpiga picha aniombee, akaniambia kwa upole mwingi kwamba familia ile imemwita mwongo mbele ya mchungaji, na ningemfaa zaidi kama nisingempigia kwa muda.

Jumatano nilienda Kawangware na nilichoweza kupata. Nilikichapisha kwenye karatasi nzuri kuliko zote nilizonazo. Mama alijifuta mikono, akaipokea, akaitazama.

"Hili koti nilimchagulia mimi," akasema. "Gikomba, kwa mitumba. Tulilijaribu mpaka tukachoka."

Akapitisha kidole kwenye tai, kwenye mkono, kwenye goti. Kisha akakipeleka juu, kwenye ule weupe, akakiacha hapo.

"Na uso uko wapi?"

"Uko Kitisuru," nikamwambia.

Aliiegemeza ukutani, juu ya meza, akarudi kuchambua sukuma wiki.